Daftari la Micheweni

Nimelifungua tena daftari la zamani,
lile la jalada la kijani, lililoliwa na mende pembeni,
nautafuta mwandiko wangu.
Huu hapa. Wino wa buluu, herufi zimelala upande
kama watu waliochoka foleni.

Shaame Faki, miaka minne, Kiuyu Mbuyuni.
Haitiki akiitwa. Hatazami mtu.
Mama anasema hukesha, hucheka na ukuta.
Maoni: mtoto mtukutu. Mama afundishwe malezi.

Mama afundishwe malezi!
Mize binti Hamad, aliyezaa sita akazika wawili,
aliyetoka kwao alfajiri kwa miguu, mtoto mgongoni,
mtoto asiyekumbatia,
mzito kama gunia kwa kuwa hashiki shingo.
Na mimi, msichana wa miaka ishirini na tatu,
koti jeupe limepigwa pasi,
nikamfundisha malezi.

Akasema, "Nesi, huyu hupanga viatu.
Ijumaa watu wamo ndani wanasali,
yeye yuko mlangoni na makubadhi na ndara,
vidogo mbele, vikubwa nyuma,
watu wakitoka hawajui cha nani ki wapi.
Wanampiga."
Nikasema, "Mzuieni."
Sikuandika viatu. Hapakuwa na safu ya viatu.

Geuza ukurasa. Wiki ile ile, Alhamisi.
Mtoto wa meneja wa hoteli, kule Makangale,
nywele rangi ya katani, miaka mitatu.
Haitiki akiitwa. Hatazami mtu.
Akapanga vifuniko vya chupa juu ya meza yangu,
chekundu, cheupe, chekundu, cheupe,
nami nikamngoja amalize.
Nilimngoja. Naikumbuka subira ile kama kitu cha wizi.
Mama yake akatamka neno;
nikamwomba anitajie herufi mojamoja,
na kabla ya adhuhuri nilishapiga simu Unguja.

Sikumchukia Shaame. Hilo ndilo linaloniuma.
Chuki ningejua pa kuitafuta.
Kwa mmoja nilimwona mtoto.
Kwa mwengine niliwaona watu wa Kiuyu.

Sasa neno tunalo, la kwetu: usonji.
Lilikuja na mafunzo ya siku tano, chai na sambusa,
na fomu ya maswali ishirini.
Mwaka ule tuliandika wawili. Uliofuata, kumi na mmoja.
Mwaka jana, thelathini na wanne.
Wakubwa wa Chake wakashtuka, wakaleta gari:
"Micheweni kuna nini? Maji? Chanjo? Kuoana ndugu kwa ndugu?"
Mmoja akaniuliza pembeni, sauti chini, kama ni majini.
Nikawaambia: kalamu.
Jibu langu hawakuliandika.

Jana nikaenda Kiuyu.
Nikamuulizia Shaame Faki, hakuna amjuaye.
Nikamuulizia Zuzu,
vidole vitatu vya watoto vikanyooka njia moja.

Ana miaka ishirini na sita. Anapasua kokoto.
Kombe kanywa, hirizi kavaa, kamba kafungwa;
alama yake ingali kwenye kifundo cha mguu.
Mize keshazikwa.
Kokoto zimekaa mafungu manne, ndogo mbele, kubwa nyuma,
na mwenye lori ananiambia kwa fahari
hajaona Pemba nzima anayechekecha kwa jicho kama yule.
Humlipa nusu.

Fomu nilikuwa nayo mkobani.
Swali la kwanza, umri. Mwisho miaka kumi na miwili.
Nikakaa juu ya jiwe. Nikavua viatu, sijui kwa nini,
nikaviacha shaghalabaghala.

Hakunitazama.
Akaweka nyundo chini, akasogea,
akaviweka sawa, visigino kwangu, ncha kwa barabara,
akarudi kwenye mawe yake.

Nikatoa kalamu.
Ukingoni mwa karatasi, nje ya safu zote,
nikaandika: viatu.